Kamera ndogo ya kila siku: nilipie kihisi kikubwa au zumu ndefu?

Mwanagenzi_Picha

Ndugu zangu, nawasalimu. Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikipiga picha kwa simu peke yake, na mchana kweupe sina ugomvi nayo. Taabu huanza jioni ndani ya nyumba, ambapo watoto wangu wawili hutoka kama vivuli vinavyopita, na taabu nyingine ni pale ninapojaribu kumvuta mtu aliye upande wa pili wa uwanja, kwa kuwa uso wake hugeuka kuwa kitu kilichopakwa rangi kwa kidole. Nimeamua kutafuta kamera ndogo ya dijitali, ya kuingia mfukoni au kwenye mkoba mdogo, ambayo nitatembea nayo kila siku badala ya kuifungia kabatini ikisubiri harusi.

Nimesoma maelezo ya watengenezaji mpaka nimechanganyikiwa. Kamera moja inatangaza megapikseli 20 na zumu ya mara 40. Nyingine ina megapikseli 20 hizo hizo, zumu yake haifiki hata mara 5, na bado bei yake imeipita ile ya kwanza kwa mbali. Ni kitu gani kinacholipiwa hapo ambacho mimi sikioni? Naomba pia mnieleze kama zumu ndefu ni ya lazima, kama kitundu cha kuchungulia kina maana yoyote kwenye kamera ndogo kiasi hicho, na kama kuna ubaya wa kununua iliyokwisha kutumika. Sina nia ya kuwa mpiga picha wa kulipwa. Nataka picha za nyumbani, za njiani na za watu ninaowapenda, na chache kati ya hizo ningependa kuzisafisha kwenye karatasi nizitundike ukutani.


Mzee_wa_Lenzi

Mwanangu, hicho usichokiona kimefichwa kweli, kwa sababu watengenezaji hukiandika mwishoni mwa orodha na kwa kipimo kisichoeleweka. Kinacholipiwa ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande kilichokaa nyuma ya lenzi na kupokea mwanga, mahali ambapo zamani ilikaa filamu. Kamera ndogo yenye zumu ya mara 40 kwa kawaida ina kihisi cha aina iitwayo 1/2.3, chenye upana wa milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6 hivi, ambacho ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ile ya zumu fupi na bei ya juu yaelekea ina kihisi kinachoitwa cha inchi 1, chenye milimita 13.2 kwa 8.8. Usidanganywe na jina lenyewe, maana hata ukikipima kutoka pembe hadi pembe utapata milimita 16 tu. Majina haya yalirithiwa kutoka kwenye mirija ya kioo ya kamera za video za zamani, ambayo ilitajwa kwa unene wa mrija mzima na si kwa ile sehemu iliyopokea picha, na hakuna aliyejisumbua kuyabadilisha.

Sasa piga hesabu. Kihisi cha kwanza kina eneo la milimita za mraba 28, cha pili kina 116, na vyote viwili vimegawanywa vipande milioni 20. Kila pikseli ya kihisi cha pili, kwa hiyo, imepata uwanja mpana mara nne wa kupokelea mwanga, na mwanga ukiwa haba, kama ulivyo sebuleni kwako jioni, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama shavu la mtoto litaonekana kuwa ngozi au litajaa chenga. Ukipanda daraja moja zaidi unakuta kihisi kiitwacho APS-C, chenye milimita 23.5 kwa 15.6 au karibu na hapo, ambacho kinazidi kile cha inchi 1 zaidi ya mara tatu kwa eneo. Kwa upande wa megapikseli, usizikoseshee usingizi. Picha ya ukubwa wa A4 ikisafishwa kwa nukta 300 katika kila inchi huhitaji pikseli 2480 kwa 3508, jumla isiyofika milioni 9, na karibu kila kamera inayouzwa leo inavuka hapo bila jasho.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi huligundua wakiwa wamekwisha kulipa. Simu nyingi za daraja la juu za miaka ya karibuni zina kihisi kikuu kikubwa kuliko hicho cha 1/2.3, na juu ya hapo huunganisha fremu kadhaa kuwa picha moja ndani ya muda mfupi mno. Mtu akinunua kamera ya bei nafuu yenye kihisi kidogo kwa matumaini ya kuishinda simu yake usiku, atakuta simu ndiyo inayoshinda. Kwa mahitaji uliyoyataja mimi nisingeshuka chini ya kihisi cha inchi 1.

Mifano ni hii. Sony RX100 ya mwaka 2012 ndiyo iliyoonyesha kwamba kihisi hicho kinaweza kukaa ndani ya mwili wa gramu 240 unaoingia mfukoni, na toleo lake la tatu, la mwaka 2014, likaja na lenzi ya milimita 24 hadi 70 yenye tundu la f/1.8 hadi f/2.8. Canon G7 X Mark III ya mwaka 2019 inafika milimita 100 kwa tundu hilo hilo. Panasonic LX100 II ya mwaka 2018 ina kihisi kikubwa zaidi ya cha inchi 1, ila mwili wake umenenepa kidogo. Wanaokubali kuishi bila zumu kabisa wana Ricoh GR III, yenye kihisi cha APS-C na lenzi moja ya milimita 28 ndani ya gramu 257, na wana Fujifilm X100VI ya mwaka 2024, ambayo ni nzuri sana lakini kwa gramu 521 mfuko wa suruali utalalamika. (Milimita hizi zote za lenzi, ambazo kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo lenzi inavyovuta zaidi, nimezitaja kwa kulinganisha na filamu ya milimita 35, kama ilivyo desturi.)

Tundu la lenzi ni jambo la pili la kutazama, na lina uzito sawa na kihisi. Kadiri namba inayofuata f inavyokuwa ndogo, ndivyo tundu linavyokuwa kubwa na mwanga unavyoingia kwa wingi. Lenzi iliyoandikwa f/1.8-4.9 ina maana kwamba inaanza na f/1.8 pale ambapo haijavutwa, na ikivutwa hadi mwisho wake hubana mpaka f/4.9, ambapo mwanga unaoingia ni kama sehemu moja ya saba ya ule wa mwanzo. Muuzaji atakutajia ile namba ya kwanza tu.


Safari_Nyepesi

Mzee wangu, shikamoo, na nakubaliana nawe kuhusu kihisi, lakini naona zumu umeitupa kando upesi mno. Ndugu yetu ametaja kwa kinywa chake mtu aliye upande wa pili wa uwanja. Mimi nina kamera yenye lenzi ya milimita 28 isiyovutika, ninaipenda, na kila ninapokaa safu ya nyuma kwenye maonyesho ya watoto inakuwa kama sikuibeba. Wapo wanaosema kwamba unaweza kuikata picha baadaye ukiwa nyumbani, basi nao wafanye hesabu hii. Ukiikata picha ya milimita 28 ili ionekane kama imepigwa kwa milimita 200, unabakiza sehemu moja tu kati ya 51 ya eneo lake, na zile megapikseli 24 ulizonunua zinabaki kuwa nusu ya megapikseli. Zumu ya dijitali inayotangazwa kwenye maboksi haifanyi kitu tofauti na huko kukata, ila inakukatia kabla hujaombwa ruhusa, kwa hiyo shauri langu kwa kila mnunuzi ni kuipuuza kabisa namba hiyo na kusoma zumu ya lenzi peke yake.

Zipo kamera zinazojaribu kutimiza haja zote mbili. Sony RX100 VI ya mwaka 2018 na RX100 VII ya mwaka uliofuata zina kihisi cha inchi 1 pamoja na lenzi ya milimita 24 hadi 200, na zote mbili bado zinaingia mfukoni. Panasonic TZ100 ya mwaka 2016 inakwenda mpaka milimita 250. Mchana, kwenye viwanja, ndege na majengo ya mbali, kamera za namna hii hukufikisha mahali ambapo simu haifiki.

Kuhusu kitundu cha kuchungulia, ambacho hakijajibiwa, mimi nakihesabu kuwa cha lazima. Jua likiwa kali kioo cha nyuma hugeuka kuwa kama kioo cha kujitazamia, unaona paji la uso wako mwenyewe badala ya unachokipiga, na matokeo yake unapiga kwa kubahatisha. Isitoshe, kamera ikigusa uso inapata egemeo la tatu pamoja na mikono miwili, hivyo mtikisiko wake unapungua. Canon G7 X haina kitundu hicho, Ricoh GR III nayo haina, ilhali RX100 kuanzia toleo la tatu inacho kilichojificha kwenye kona na kuchomoza unapokihitaji.


Mzee_wa_Lenzi

Marahaba, binti yangu. Kwenye maonyesho umenishika na sina la kujitetea, isipokuwa kwamba lenzi hizo ndefu ulizozitaja huanzia f/2.8, hazianzii f/1.8, na zikivutwa hufika f/4.5 au f/5.9. Ukumbini, taa zikiwa zimepunguzwa, picha ya mbali itapatikana ila itakuwa na chenga. Mwenye kuchagua na achague akiwa anajua hivyo.

Nataka pia kuondoa dhana moja ambayo naiona inarudi kila mara, kwamba kamera yenye kituliza mtikisiko itamaliza tatizo la picha zilizovurugika. Kifaa hicho kinatuliza mkono wako wewe uliyeshika kamera, hakimtulizi mtoto. Mtoto anayekimbia anahitaji shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye kihisi, ifunguke na kufungwa ndani ya 1/250 ya sekunde au chini ya hapo, na muda mfupi kiasi hicho unapatikana kwa njia tatu tu: mwanga zaidi, tundu kubwa zaidi, au kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga, ambako ndiko kunakoleta chenga. Tuseme sebuleni kwako tundu la f/1.8 linakuruhusu kutumia 1/200. Ukiivuta lenzi mpaka f/4.9, kwa mwanga ule ule na ISO ile ile, unashuka hadi karibu 1/30, na hapo hata mtu mzima anayezungumza kwa kutumia mikono atakutoka vidole kumi na vitano.

Mwanagenzi, kabla hatujaendelea kubishana juu ya mfuko wako, fanya kazi moja ndogo. Fungua simu yako, pitia picha za mwaka mzima, na zile ambazo hukuzifurahia uzigawe kwa sababu: zilizovurugika kwa mwendo, zilizokuwa mbali, zilizochelewa, na zilizoharibika kwa sababu nyingine yoyote. Kisha urudi hapa utueleze. Sisi tunakujibu kwa kufuata maisha yetu, na maisha yetu si yako.


Kijana_wa_Pikseli

Wakubwa shikamooni. Naomba kuuliza jambo lililo karibu na hili. Siku hizi vijana wengi tunatafuta kamera ndogo za miaka ya 2000, zile zenye vihisi vya aina ya zamani iitwayo CCD, kwa kuwa rangi zake na mwanga wa flashi yake vinapendeza kwa namna ambayo simu haiwezi. Je, kamera ya namna hiyo haimfai muulizaji kwa matumizi ya kila siku, ikizingatiwa kwamba ni rahisi kuipata?


Fundi_Bisibisi

Nimekuwa nikifungua kamera kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu swali la kijana pamoja na lile la kununua kamera iliyotumika, kwa sababu ni swali moja.

Kijana, kamera hizo zina raha yake na sitakukataza. Rangi unazozipenda zinatokana zaidi na namna kamera ilivyochakata picha na flashi iliyopigwa usoni moja kwa moja kuliko aina ya kihisi, lakini hilo tuliache. Linalonihusu mimi ni vifaa vyake. Kamera nyingi za miaka ile hazipokei kadi za leo. Kadi ya SD ya mwanzo iliishia GB 2, aina ya SDHC ilikuja mwaka 2006 na kufika GB 32, na SDXC ikafuata mwaka 2009, hivyo kamera iliyotengenezwa kabla ya SDHC ukiipa kadi mpya itakuambia kuwa kadi haisomeki, na mwenye kamera atadhani imekufa. Nyingine zilitumia kadi za xD, ambazo zilibuniwa na Olympus na Fujifilm mwaka 2002 na hazitengenezwi tena. Betri zake za asili nyingi zimevimba au zimechoka. Kwa mtu anayetaka picha za jioni za watoto wanaokimbia, kamera kama hiyo itamrudisha nyuma ya simu yake.

Tukija kwenye kamera iliyotumika lakini si kongwe, hapo sina pingamizi, mradi mnunuzi aishike mkononi kabla ya kulipa. Sehemu inayoletwa kwangu mara nyingi kuliko nyingine zote ni lenzi inayochomoza na kurudi ndani. Imejengwa kwa mabomba yanayoingiana, yenye gia ndogo za plastiki, na chembe moja ya mchanga inatosha kuikwamisha katikati. Chanzo kingine ni kamera inayojiwasha ndani ya mkoba, ikataka kuitoa lenzi na kukuta kitabu kimeizuia. Mota inasukuma, gia inakatika. Nilipokuwa kijana niliiua kamera yangu ya kwanza kwa namna hiyo hiyo, nayo ilikuwa na wiki tatu tu.

Kwa hiyo iwashe na kuizima mara kumi, uvute zumu mpaka mwisho na kuirudisha, ukiiweka sikioni ili usikie kama inasagika. Baadaye piga picha ya ukuta mweupe au ya anga, ukiwa umelibana tundu hadi mwisho wake, halafu uikuze kwenye kioo. Madoa meusi yasiyobadilika mahali kutoka picha moja hadi nyingine ni vumbi lililokaa juu ya kihisi, na kwenye kamera ambayo lenzi yake haifunguliwi, kulitoa vumbi hilo ni kuibomoa kamera yote. Kisha mulika tochi ndani ya lenzi kwa pembeni. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotanda kama utando wa buibui, huo ni ukungu ulioota kwa sababu ya unyevu, na wewe urudishe kamera kwa mwenyewe kwa heshima. Angalia mlango wa betri, tundu la chaja, na kama flashi inalipuka. Iulizie betri ya ziada kabla hujaiuliza bei, maana kamera ndogo zina betri ndogo. Ricoh GR III, kwa mfano, imepimwa kuwa na uwezo wa picha 200 hivi kwa chaji moja kwa kipimo cha CIPA, ambacho ni chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, na hiyo ni idadi ambayo mtu mwenye watoto anaweza kuimaliza kabla ya saa sita mchana.

Kuhusu chaja, matoleo mengi ya kabla ya miaka michache iliyopita yana tundu la USB la zamani. Umoja wa Ulaya uliweka sharti kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 kamera za dijitali zinazoingizwa sokoni kwake zitumie USB-C, na watengenezaji hawapendi kujenga miili miwili tofauti ya kamera moja, kwa hiyo kwenye kamera mpya jambo hili limekwisha kuwa jepesi. Kwenye iliyotumika, hakikisha waya wake unao.

Nikumbushe pia aina moja ambayo haijatajwa. Kama kamera itashikwa na watoto wenyewe, au itakaa karibu na maji, zipo zile ngumu, mfano OM System TG-7 ya mwaka 2023, inayozama mita 15 na kuvumilia kuanguka kutoka mita 2.1, na lenzi yake haichomozi nje hata kidogo. Kihisi chake ni kile kidogo alichokisema Mzee, kwa hiyo picha zake za usiku ni za usiku kweli. Hata hivyo, hizo sijawahi kuletewa kwa ajili ya mchanga.


Mwanagenzi_Picha

Mzee, nimeifanya kazi uliyonipa, na imenichukua jioni mbili kwa sababu kila picha ilinikumbusha jambo. Nimezikuta picha 300 ambazo sikuzifurahia. Kati ya hizo, 171 zimevurugika kwa mwendo, karibu zote zikiwa ni za ndani ya nyumba na za baada ya jua kuzama. Nyingine 64 zilichelewa, yaani jambo lilikwisha kupita nikiwa bado natafuta alama ya kamera kwenye simu. Zilizokuwa mbali ni 38 tu, idadi iliyonishangaza, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeamini kwamba zumu ndiyo shida yangu kubwa. Nadhani picha hizo za mbali ziliniuma zaidi, ndiyo maana nilizikumbuka. Zilizobaki, 27, sioni haya kukiri, ziliharibiwa na lenzi ya simu iliyojaa mafuta ya vidole, na tiba yake ni kitambaa.

Baada ya hapo niliazima kwa rafiki yangu kamera ya lenzi moja ya milimita 28, nikakaa nayo kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Nimeuelewa mvuto wake. Inawaka haraka, na Mzee alikuwa sahihi kuhusu kihisi, kwa maana picha za mezani usiku nilizopiga bila flashi zinaweza kutundikwa ukutani bila aibu. Kilichonisumbua ni kwamba ili uso wa mtoto ujaze picha ilinibidi nimsogelee hadi akaacha alichokuwa akikifanya na kuanza kunitazama, na nilipomweka karibu na ukingo wa picha kichwa chake kilirefuka. Nimeona kwamba ninahitaji kuvuta kidogo, mpaka milimita 70 au 100, lakini bila tundu kubana sana.

Kwa hiyo nimebakiwa na mbili: Canon G7 X Mark III, au Sony RX100 ya toleo la tatu iliyotumika. Ya kwanza inavuta zaidi, ya pili ina kitundu cha kuchungulia. Mnanishauri nini? Na nitakapoipata, niiweke vipi ili zile 171 zipungue?


Safari_Nyepesi

Kwa hesabu hiyo nakubali kushindwa, maana picha 38 kati ya 300 hazistahili kukuchagulia kamera. Kwa siku za maonyesho azima yenye zumu ndefu, kama ulivyoazima hiyo.

Baina ya hizo mbili, jiulize ni wapi utakuwa mchana. Ukiwa mtu wa kutembea juani chukua RX100, ingawa kitundu chake kwenye toleo hilo hufunguliwa kwa hatua mbili: kwanza kinachomoza, halafu unakivuta kwa kidole, na ukisahau hatua ya pili utaona ukungu mtupu na kudhani umeuziwa kibovu. Kioo chake hakiitikii kuguswa, jambo ambalo mtu aliyetoka kwenye simu atalihisi kwa wiki nzima ya kwanza. Kioo cha Canon kinaitikia, na kuchagua fokasi kwa kugusa uso wa mtoto ni wepesi usiodharaulika ndani ya nyumba, ambako ndiko zilikoharibikia picha zako.


Mzee_wa_Lenzi

Kwa picha 171 za ndani, mimi ningechukua Canon. Matundu ya lenzi zote mbili yanalingana, lakini hiyo milimita 100 itakusaidia kupata uso wa mtoto bila kumsogelea, na katika zile 38 za mbali utaokoa chache. Kitundu cha kuchungulia ni kizuri, ila hesabu yako haijataja hata picha moja iliyopotea kwa sababu ya jua kali kwenye kioo, na nimeamua kuiheshimu hesabu hiyo.

Kuiweka si kugumu. Zungusha gurudumu la juu mpaka kwenye hali ya kuchagua kasi ya shata mwenyewe, ambayo kwenye Canon huandikwa Tv na kwenye Sony huandikwa S, uweke 1/250, na ISO uiache ijipange yenyewe ukiwa umeiwekea mwisho wa 3200. Kamera italifungua tundu kadiri iwezavyo, kisha itapandisha ISO kadiri inavyohitaji. Picha ikitoka nyeusi, shuka hadi 1/125 kabla hujaugusa ule mwisho wa ISO. Lenzi iache upande wake mpana, usogee wewe, na uivute pale tu ambapo kusogea kungemfanya mtoto aache mchezo. Hifadhi faili ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaichakata, pamoja na JPEG, ile picha ya kawaida iliyokwisha kuchakatwa, kwa miezi ya kwanza. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, ilhali faili ghafi yenye biti 12 ina ngazi 4096, na uso uliotoka giza kidogo unaweza kuinuliwa kutoka kwenye faili ghafi bila kugeuka kuwa matope.

Zile 64 zilizochelewa hazitibiwi na kamera yoyote iliyozibwa ndani ya mfuko wenye zipu tatu. Mahali pake pawe pale ambapo mkono unafika bila wewe kuondoa macho kwa watoto.


Fundi_Bisibisi

Nunua kadi mbili za GB 32 badala ya moja ya GB 256, ili siku moja ikiharibika usipoteze mwaka mzima, na uzifomati ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta. Kama unatarajia kupiga video za 4K kwa hiyo Canon, kadi iwe na alama ya V30, ambayo ni ahadi ya kuandika MB 30 kwa sekunde bila kushuka. Na ile kamba ya mkononi inayokuja kwenye boksi, ambayo watu wengi huiacha humo humo pamoja na kitabu cha maelezo, ifunge kabla hujachaji betri.